Safu Ipi Ina Makali Zaidi? Namna ya Kulinganisha Mabao ya Washambuliaji bila Kupotoshwa na Jumla

Mwaka 2022, Singida Big Stars ilipoingia Ligi Kuu Tanzania Bara, shabiki wa Singida Mjini alikuwa na hoja ambayo si rahisi kuipinga. Kwenye kikosi kulikuwa na Meddie Kagere na Amissi Tambwe, ambao kwa pamoja wamewahi kuwa wafungaji bora wa ligi mara nne: Tambwe kwa mabao 19 msimu wa 2013/14 na 21 msimu wa 2015/16, Kagere kwa 23 msimu wa 2018/19 na 22 msimu uliofuata. Misimu hiyo minne peke yake ina mabao 85. Kwa hesabu ya aina hiyo, timu iliyotoka kupanda daraja ilikuwa na safu ya kuogopwa kuliko karibu timu yoyote nchini. Ligi ikaisha, timu ikamaliza nafasi ya nne, na hayo ni mafanikio makubwa kwa timu ngeni. Lakini Kagere hakurudia mabao yake ya nyuma. Waliokuwa vinara wa ufungaji wa ligi nzima msimu ule, Fiston Mayele na Saidi Ntibazonkiza, waliishia 17 kila mmoja. Wakati huohuo Bruno Gomes, kiungo kutoka Brazil aliyefika bila bao hata moja la ligi yetu, alitupia 10.

Mwongozo huu ni kwa ajili yako wewe unayebishana kuhusu usajili, unayeandika uchambuzi wa redio ya mtaani, au unayetaka tu kujua timu yako imejengwa vizuri kiasi gani kabla ya mechi ya kwanza ya nyumbani. Hoja yangu ni moja. Kujumlisha mabao ya maisha ya washambuliaji na kulinganisha safu mbili ni jambo linalowezekana na lina faida, ila jumla hiyo ni akiba iliyokwisha kuwekwa, si kipato cha mwezi ujao. Mashabiki wengi huisoma akiba kana kwamba ni kipato, na usajili unaowavunja moyo huanzia hapo.

Kwa nini jumla inapotosha

Wapenzi wa besiboli nchini Marekani wamefanya hesabu hii kwa zaidi ya karne nzima, na makosa yao yanatusaidia. Kwenye mchezo huo mpigaji akiupiga mpira ukavuka uzio wa uwanja, hupata homurani, na idadi ya homurani za maisha ndiyo kipimo cha nguvu zake. Watu hupanga wapigaji wa timu, hujumlisha homurani zao, kisha hulinganisha timu ya zamani na ya sasa. Timu inayotajwa sana ni New York Yankees ya mwaka 1927, yenye Babe Ruth na Lou Gehrig. Ruth alistaafu na homurani 714, Gehrig na 493. Jumla yao ni 1,207, na mtu akiisikia hudhani wapinzani wa mwaka ule walikabiliana na wapigaji wenye homurani 1,207.

Haikuwa hivyo. Msimu wa 1927 ulipoanza, Ruth alikuwa na 356 na Gehrig alikuwa na 37 tu. Jumla ya kweli siku ile ilikuwa 393, theluthi moja ya ile inayotangazwa. Zaidi ya hapo, Gehrig mwenye 37 za maisha alipiga 47 ndani ya msimu huo mmoja, na Ruth akapiga 60. Aliyeangalia akiba angemdharau Gehrig. Aliyeangalia mwenendo wake angeona kijana aliyetoka karibu na sifuri, akapata homurani 20 mwaka 1925 na 16 mwaka 1926. Ni kisa cha Bruno Gomes katika sura nyingine: mwenye rundo dogo alikuwa na nafasi ya kukua.

Tatizo la pili ni urefu wa safari. Hank Aaron alistaafu na homurani 755, akampita Ruth kwa 41. Lakini Aaron alipata nafasi rasmi za kupiga 12,364, Ruth 8,399. Ukigawa, Ruth alipata homurani moja kila baada ya nafasi 12 hivi, Aaron kila baada ya nafasi 16. Hilo halimshushi Aaron, kwa sababu kudumu juu kwa zaidi ya miaka 20 ni kipaji kinachojitegemea. Linaonyesha tu kwamba wingi na kasi ni maswali mawili, na ukiyauliza kwa pamoja utapata jibu lisilohusu lolote kati yake.

Anza na daftari

Huhitaji programu ya kompyuta. Fungua kurasa mbili za daftari zinazotazamana, kila timu ukurasa wake. Chora safu wima sita: jina, msimu, ligi, mechi, mabao, penalti. Kila msimu wa mchezaji uwe na mstari wake. Watu wengi huandika jina na jumla peke yake, na wakishafanya hivyo hawawezi tena kusahihisha chochote, kwa kuwa jumla haikumbuki imetoka wapi.

*Hatua ya 1: Amua unauliza swali gani.* Je, unataka kujua safu ipi ina historia kubwa zaidi, au ipi itafunga zaidi msimu huu? Swali la kwanza hujibiwa na jumla. La pili hujibiwa na kasi ya karibuni. Liandike juu ya ukurasa, maana mbishani mwenzako atakuhamisha kutoka swali moja kwenda lingine bila hata yeye mwenyewe kujua.

*Hatua ya 2: Weka tarehe ya kukatia.* Kwa mfano, siku dirisha kubwa la usajili lilipofungwa. Mabao yaliyofungwa baada ya tarehe hiyo hayaingii kwa mchezaji yeyote wa upande wowote. Ukilinganisha kikosi cha sasa na cha zamani, cha zamani nacho kikatwe siku yake ya kuanza msimu, kama tulivyofanya kwa Yankees.

*Hatua ya 3: Idadi iwe sawa, na nafasi ziwe sawa.* Chagua washambuliaji na viungo washambuliaji wanne kila upande, wale wanaotarajiwa kuanza. Usichukue wanne wa huku na saba wa kule. Mchezaji aliyeumia kwa muda mrefu asiingie, hata kama jina lake ndilo lililouza jezi.

*Hatua ya 4: Chota mabao ya ligi ya juu tu.* Mabao ya mechi za kirafiki, ya Kombe la Mapinduzi, ya Kombe la Shirikisho na ya timu ya taifa yana thamani yake, lakini wapinzani wake hawalingani na rekodi zake mara nyingi hazijakamilika. Mabao ya daraja la chini yaandike pembeni. Kurasa nyingi za mtandaoni huyachanganya yote, na ndiyo sababu utakuta mchezaji mmoja ana jumla tatu tofauti.

*Hatua ya 5: Gawa mabao kwa mechi.* Hapa ndipo hesabu inapoanza kusema. Ukipata dakika alizocheza, tumia dakika. Ukikosa, mechi aliyoingia kutoka benchi ihesabu nusu.

Usiiruke hatua ya tano hata kidogo, kwa sababu Ligi Kuu yetu imebadilika urefu mara kadhaa. Tazama wafungaji bora hawa na idadi ya raundi za msimu wao:

| Msimu | Mfungaji bora | Mabao | Raundi | Kwa raundi |
|---|---|---|---|---|
| 2013/14 | Amissi Tambwe | 19 | 26 | 0.73 |
| 2015/16 | Amissi Tambwe | 21 | 30 | 0.70 |
| 2017/18 | Emmanuel Okwi | 20 | 30 | 0.67 |
| 2018/19 | Meddie Kagere | 23 | 38 | 0.61 |
| 2019/20 | Meddie Kagere | 22 | 38 | 0.58 |
| 2020/21 | John Bocco | 16 | 34 | 0.47 |
| 2021/22 | George Mpole | 17 | 30 | 0.57 |
| 2023/24 | Stephane Aziz Ki | 21 | 30 | 0.70 |
| 2024/25 | Jean Charles Ahoua | 16 | 30 | 0.53 |

Kwa idadi tupu, Kagere ndiye wa kwanza kwenye jedwali. Kwa raundi, anashuka chini ya Tambwe, Aziz Ki na Okwi, na msimu ambao watu wameusahau, ule wa Tambwe wa mabao 19, unapanda kileleni. Misimu ya Kagere ilikuwa na timu 20 na raundi 38. Ule wa Tambwe ulikuwa na timu 14 na raundi 26. Mwenye haki ya kupinga atasema kwamba ligi ya timu 20 ina timu dhaifu zaidi za kufungwa, na mwingine atasema kwamba raundi 38 zinachosha. Yote mawili yana ukweli, na yanaelekea pande tofauti, kwa hiyo sioni sababu ya kuigusa kasi kwa ajili ya lolote kati yake.

*Hatua ya 6: Ligi za nje zikae mbali.* Elvis Rupia alifunga mabao 27 katika Ligi Kuu ya Kenya msimu wa 2022/23 akiwa na Kenya Police. Ligi ile ilikuwa na raundi 34, kwa hiyo kasi yake ilikaribia 0.8. Alipokuwa na Singida Black Stars msimu wa 2024/25 alifunga 10, yaani 0.33 kwa raundi. Ni mabao mazuri kwa ligi yetu, lakini aliyechukua ile 27 akaihamishia hapa kama ilivyo alikuwa anajiandalia masikitiko. Usibuni kipimo cha kubadilisha, kwamba bao moja la Nairobi ni sawa na nusu bao la Singida. Hakuna msingi wa namba kama hiyo. Weka jumla mbili, ya hapa na ya nje, na mchezaji akishamaliza msimu mzima hapa, ya hapa ndiyo itawale.

*Hatua ya 7: Misimu miwili ya mwisho ipigie mstari.* Kama unauliza kuhusu msimu ujao, tumia hiyo miwili kwanza. Iliyotangulia ni ya kuamulia pale wawili wanapolingana.

*Hatua ya 8: Jumlisha kasi.* Chukua kasi ya kila mchezaji, zijumlishe, uzidishe kwa 30 ambazo ni raundi za msimu. Hiyo ndiyo idadi ya mabao unayoweza kuitarajia kutoka kwa safu nzima endapo wote watacheza.

Hesabu moja mpaka mwisho

Chukua mfano wa kubuni, uliofupishwa kuwa washambuliaji watatu kila upande. Timu ya kwanza ina mkongwe mwenye mabao 90 katika mechi 300, mwingine 60 katika mechi 200, na wa tatu 30 katika mechi 150. Jumla ni 180. Timu ya pili ina mabao 24 katika mechi 48, mabao 15 katika mechi 50, na 8 katika mechi 40. Jumla ni 47. Kijiweni ubishi umekwisha: 180 dhidi ya 47. Sasa gawa. Timu ya kwanza ina 0.30, 0.30 na 0.20, jumla 0.80 kwa mechi, sawa na mabao 24 kwa raundi 30. Ya pili ina 0.50, 0.30 na 0.20, jumla 1.00, sawa na mabao 30. Timu yenye karibu robo ya mabao ya mwenzake ndiyo inayotarajiwa kufunga zaidi.

Angalia pia kwamba faida yote ya timu ya pili imebebwa na mtu mmoja mwenye mechi 48 tu. Akiumia, au ikibainika kwamba alikuwa kwenye kipindi kizuri cha kupita, faida hiyo inatoweka. Andika alama kando ya kila mchezaji mwenye mechi chini ya 30. Kasi yake ni ya kuitazama, si ya kuitegemea.

Alama hiyo ilihitajika sana Singida mwaka 2025. Jonathan Sowah, raia wa Ghana, alijiunga na Singida Black Stars dirisha dogo la Januari na kufunga mabao 13 ya ligi katika sehemu iliyobaki ya msimu. Prince Dube wa Yanga, na Leonel Ateba na Steven Mukwala wa Simba, nao walimaliza na 13. Ukizidisha mabao ya Sowah mara mbili unapata 26, idadi ya kupita mfungaji bora yeyote kwenye jedwali letu. Usizidishe. Nusu msimu ina mechi chache mno kuweza kutabiri nusu nyingine, na mabeki wa ligi hii hujifunza haraka mchezaji akishawafunga.

> KABLA HUJATANGAZA MATOKEO
> ☐ Tarehe ya kukatia ni moja kwa pande zote mbili
> ☐ Idadi ya wachezaji ni sawa
> ☐ Penalti zimeandikwa mbali, na anayezipiga sasa anajulikana
> ☐ Mabao ya ligi za nje yana jumla yake
> ☐ Wenye mechi chini ya 30 wamewekewa alama
> ☐ Kila bao limeandikwa kwa mchezaji na msimu, si kwa jina la klabu

Tahadhari ya majina ya klabu

Kipengele cha mwisho kwenye kisanduku kinawahusu watu wa Singida kuliko wa mji mwingine wowote. Singida United iliyocheza fainali ya Kombe la Shirikisho mwaka 2018 ni klabu nyingine kabisa. Singida Big Stars ilitokana na DTB, ikawa Singida Fountain Gate mwaka 2023, na leo ni Fountain Gate iliyohamia Babati. Singida Black Stars ya leo ilikuwa Ihefu ya Mbarali, mkoani Mbeya, na imebeba jina hilo tangu 2024. Ukiandika "mabao ya Singida" kwenye daftari utajikuta umechanganya klabu tatu, na utampa Black Stars mabao ya akina Bruno Gomes yasiyo yake. Rupia mwenyewe alipita Singida Fountain Gate, kisha Ihefu, kabla ya jina la Black Stars kuanza kutumika. Mfuate mchezaji, msimu kwa msimu.

Penalti nazo zinahitaji jicho. Ahoua alikuwa mpigaji penalti wa Simba msimu aliotwaa kiatu, na baadhi ya mabao yake 16 yalitoka huko. Ni mabao halali. Lakini safu mpya ikiwa na wapigaji penalti wawili waliozoea kupiga kila mmoja kwake, mmoja atapoteza sehemu ya mabao yake, maana mpira wa penalti ni mmoja. Punguza penalti za yule ambaye hatapiga.

Watakachokupinga nacho

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba mshambuliaji hajifungii mwenyewe, analetewa mpira. Ni kweli, na msimu wa 2024/25 unathibitisha. Wafungaji wawili wa juu wa Simba, Ahoua na Ateba, walikuwa na mabao 29 kwa pamoja. Wa Yanga, Clement Mzize na Dube, walikuwa na 27. Kwa kulinganisha vinara, Simba ilikuwa mbele. Ila kwenye ligi nzima Yanga ilifunga 83 na Simba 69, na Yanga ndiyo iliyochukua ubingwa. Nje ya hao wawili, Yanga ilipata mabao 56, Simba 40. Ndiyo maana nimekutaka uweke wanne na si wawili, na ukiwa na muda weka kumi wote wa ndani. Besiboli inaruhusu kumpima mpigaji peke yake kwa kuwa husimama peke yake mbele ya mrushaji. Soka haina ruhusa hiyo, kwa hiyo hesabu yetu ibaki kuwa ya safu, isigeuzwe kuwa hukumu ya mtu.

Wengine watakuambia takwimu hazichezi mpira. Anayesema hivyo mara nyingi ndiye aliyeanza kutaja mabao 85 ya Kagere na Tambwe. Takwimu tayari zimo kwenye mazungumzo. Kilichobaki ni kama zimehesabiwa kwa haki au la. Na wapo watakaotetea uzoefu, kwamba mkongwe anajua kucheza fainali. Hilo nalikubali kwa mpaka wake: pale kasi mbili zinapokaribiana, mpe nafasi mwenye jumla kubwa. Pale zinapoachana mbali, uzoefu hauwezi kuziba pengo.

Kuna pia suala la uwanja. Wamarekani hutenganisha homurani za nyumbani na za ugenini, hasa kwa wachezaji wa Denver, mji ulio juu zaidi ya mita 1,600 ambako hewa nyepesi huufanya mpira uende mbali. Singida Mjini nayo iko juu, takribani mita 1,500, lakini bao la soka halihitaji umbali kama homurani, hivyo sikushauri upunguze mabao ya nyumbani kwa sababu ya hewa. Kama una nafasi kwenye daftari, gawa nyumbani na ugenini kwa sababu nyingine: mfungaji ambaye karibu mabao yake yote ni ya nyumbani atakupa msimu wa kupanda na kushuka.

Usiipeleke hesabu hii kwenye mkeka. Inapima uwezo wa kufunga wa safu kwa msimu mzima. Haijui kipa wa mpinzani, kadi nyekundu ya dakika ya 20, wala mvua ya Machi. Mechi moja inaweza kuikana kabisa na hesabu ikabaki sahihi.

Mwisho wa kazi, ukiwa na idadi mbili za mabao kwa raundi 30, tofauti ikiwa chini ya mabao matatu andika kwamba safu zinalingana, kwa maana penalti mbili zilizokoswa na mchezaji mmoja kuumia wiki tatu vinatosha kuigeuza. Tofauti ikizidi hapo, taja safu iliyo mbele, na useme ni mchezaji yupi anayeibeba na ana mechi ngapi. Acha nafasi chini ya ukurasa. Dirisha dogo likifungwa utaongeza mistari ya waliokuja, utakata ya walioondoka, na utaanza upya kutoka hatua ya pili kwa tarehe mpya.